Koroma Si Nazi

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Mkwaja. Babu yako kikohozi kimepungua. Umeuliza nani aliyelipa tunda la mnazi majina yote hayo: dafu, koroma, nazi.

Simjui, ila masikio alikuwa nayo! Nilipokuwa bi harusi nilikuna koroma nikidhani limeshakuwa nazi. Tui likatoka maji matupu, na wageni wameshakaa mkekani. Mama mkwe hakunigombeza. Kesho yake alinitikisia matunda matatu sikioni: dafu limejaa, kimya, koroma linanong'ona, nazi inacheza maji. Nilistaajabu. Tangu hapo akaniita Koroma.

Miaka ikapita. Siku moja akaonja wali wangu, akasogeza sahani:

"Haya, Nazi, nipakulie tena."

Bibi yako