Wabwile wa Valencia

Al Baraha, Dubai
3 Februari 2024

Mwanangu Tena,

Pokea salamu za baba yako, mimi niko ngangari, ni goti tu linalonisumbua. Wewe huko Valencia, na hilo tumbo, na huyo Mhispania wako, mko wazima? Mimi nasema, Jairus anaandika, maana shule mimi niliipita nje ya dirisha. Chumba kizima kinasikiliza, mpaka Hamuza wa Uganda. Barua zako pia husomwa hapa kwa sauti kama taarifa ya habari.

Hapa jengo lote linanitegemea. Juzi arbab mwenyewe, bosi mwenye jengo, alisimamisha gari mlangoni akaniuliza, "Wabwile, mvua itanyesha?" Nikamwambia hainyeshi. Akaacha mwavuli. Tajiri kama yule ananisikiliza mimi soja wa kulinda mlango, na binti zangu hawanisikii.

Nasikia safari hii ni kijana. Nimewasimulia hawa siku uliyozaliwa. Nesi anatoka, anasema msichana, wa nne huyo. Mimi nikauliza, "Tena?" Akaandika hivyo hivyo kwenye fomu, nami nikasema mwache, jina linamtosha. Hamuza amecheka mpaka chai ikamtoka puani.

Sasa sikia. Mtoto ataitwa Wabwile. Nimeshatangaza huku.

Baba yako

*

Valencia
20 Februari 2024

Kwako Baba,

Nakusalimu. Pole kwa goti. Mimi mgongo unauma lakini mtoto anacheza vizuri.

Huku majina yanayopendwa ni Hugo, Mateo, Martín, Leo. Mume wangu anataka Mateo. Wengine wanatafuta jina ambalo hakuna mwingine analo; jirani yangu amemwita wake Viento, maana yake upepo, na hakuna anayemcheka mtoto.

Karani wa kliniki aliniuliza jina langu mimi lina maana gani. Nikamwambia ni aina ya ua.

Kuhusu Wabwile, Baba, unajua kwetu Kimilili jina la mtu halipewi mjukuu mpaka mwenyewe awe amezikwa. Likitolewa, mwenye jina anahesabiwa ameenda. Mama alitufundisha hivyo. Usiniombe hilo.

Mwanao,
Tena

*

Al Baraha
11 Machi 2024

Tena,

Habari ya ua? Jairus alipofika hapo ilibidi asimame, watu wamelala chini kwa kicheko. Ua la nne, lililoota mahali palipolimwa mahindi.

Hugo ni jina la mbwa wa madam wa ghorofa ya nne. Namfungulia mlango kila asubuhi. Na Leo? Tena amzae Leo, halafu kesho tumzae nani? Mateo ni Mathayo tu aliyepotea njia.

Mila za Kimilili hazina viza ya kufika huku. Na usianze hayo ya mazishi ya mama yako. Mlinisubiri siku tisa, nikawaambia zikeni, kazi haingeniachia. Nilikosea nini? Maiti haijui nani amekuja na nani hakuja. Hayo ni khalas, yamekwisha.

Jina ni langu na nimelitoa kwa mdomo wangu, mashahidi sita wapo hapa. Mtoto akiitwa kitu kingine usiniite baba.

Baba yako,
kwa sasa

*

Valencia
2 Juni 2024

Jairus kaka yangu, salamu. Nakuomba hii uisome kwa sauti kama zile nyingine, usiruke neno.

Baba, mtoto alizaliwa tarehe 19 Mei, kilo tatu na nusu, mzima. Ameandikishwa Wabwile, kama ulivyotaka.

Kabla ya kuandikisha nilimpigia dada Rebecca. Akasema, kama ni hivyo basi tufanye inavyotakiwa. Wamenyoa nywele, wote watatu na watoto wao. Mwili hatuna, kwa hiyo wamezika mgomba kando ya Mama, kama anavyofanyiwa mtu aliyepotelea mbali. Koti lako jeusi amelichukua mjomba Samuel. Watu walikaa siku tatu. Walipoambiwa wataje mema yako hawakuchukua muda mrefu.

Hatukukuarifu. Ulisema mwenyewe maiti haijui nani amekuja.

Mila hazituruhusu kuandikiana na marehemu. Hii ni ya mwisho.

Mama Wabwile

*

Al Baraha
30 Juni 2024

Tena,

Salamu. Jairus ameisoma mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka, ikabidi nicheke mimi, wajue ni utani. Umenirithi hapo, nakubali. Mgomba. Hiyo nitaisimulia mpaka nizeeke.

Lakini Rebecca hashiki simu. Samuel naye alishika, akasikia sauti yangu, akakata. Na Hamuza siku hizi ananisalimu kwa upole, kama mtu aliyefiwa, sijui mimi ndiye mfiwa au vipi.

Goti bado linauma. Waambie dada zako maiti haiumwi goti. Nitumie picha ya kijana.

Baba yako, mzima

*

Al Baraha
14 Septemba 2024

Mama Wabwile,

Hujambo? Mtoto hajambo?

Leo nimekuita vizuri. Jairus ni shahidi, ameandika mwenyewe, na chumbani tuko wawili tu, hakuna anayecheka.

Jibu hata neno moja.

Baba