Kipima Joto Karibu na Mlango

Kaka Sefu,

“Mtu aliyekaa Ulaya miaka sita ameshaizoea baridi, na aliyeizoea harudi.” Ndivyo ulivyoniandikia, na kwa hoja hiyo unataka kumpangisha karani wa shamba la mkonge chumba changu cha uani. Shikamoo, kaka. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Nakubishia kwa sababu umekosea.

Natumaini hamjambo nyote, na kwamba goti la Mama halimsumbui tena. Mimi mzima, ila vidole hufa ganzi kila asubuhi.

Mwezi uliopita tulifanya kazi katika maktaba ya mji huu. Boila lao, tanuri la chini linalopasha jengo zima joto, lilikuwa na tabia mbili tu: kuwaka kwa nguvu zote au kuzimika. Tukalifungia mota ndogo inayoongeza na kupunguza mafuta na hewa. Mota hiyo haijiamulii kitu. Hupokea amri kwa nyaya tatu kutoka kwenye kipima joto kilicho ukutani, ghorofa ya juu. Chumba kikipoa, moto hukua. Kikipata joto, hunywea bila kuzimika. Ndivyo afanyavyo Mama wali ukikaribia kukauka: huvuta kuni nje moja moja, hamwagii moto maji.

Nyaya nilizifunga mimi, tena sawasawa. Kosa lilikuwa mahali. Kipima joto nilikiweka karibu na mlango wa chumba cha kusomea, kwa kuwa hapo ndipo mimi mwenyewe nilipotetemeka zaidi. Kila mtu alipoingia, upepo ulikipiga, nacho kikapeleka habari chini kwamba jengo zima linaganda. Moto haukunywea hata kidogo. Ilipofika saa nne wasomaji walikuwa wamevua makoti, na bibi mmoja amevua na viatu.

Msimamizi wetu, mzee Joji, akapanda ngazi anatiririka jasho.

“Athumani! Umetuletea Tanga humu?”

“Bado minazi tu, bwana.”

“Cheka! Kihamishie ukuta wa ndani, sasa hivi!”

Nikaitikia, lakini nilikaa kwanza. Jasho lilinishuka shingoni, na kwa kitambo nilikuwa barazani kwetu Ngamiani baada ya adhuhuri, kengele za baiskeli zikilia njiani, Mama akiniita nikaoge. Kaka, nililia mbele ya watu, mtu mzima mwenye mvi. Kisha nikachukua bisibisi, nikakihamisha.

Sasa nijibu: fundi aliyeizoea baridi angekiweka pale? Wenzangu wa hapa walipita mlango ule siku nzima bila kuuhisi upepo. Miaka sita, na ngozi yangu bado ni ya Tanga. Mkataba unakwisha kabla ya Ramadhani, nami nitafuturu kwa mkono wa Mama.

Nisalimie shemeji, mkeo, na shangazi Mwanaidi, ambaye mikate yake ya mofa naiota.

Na wewe, kaka, mwambie karani atafute kwingine. Ufunguo wa chumba mpe Mama, leo, kabla hujaikunja barua hii.

Nduguyo anayetetemeka,
Athumani