Jumaa, Walirudisha Blada

Jumaa, ndugu yangu,

Sijui kuandika barua, hilo unajua. Ukiniandikia meseji ndefu nilikuwanga nakujibu "sawa bana" tu, unakasirika. Leo nimeandika ndefu, na wewe ndio haupo.

Kwanza nisamehe, sikuwahi mazishi yako. Nilikuwa Bungoma, kwa posho mill ya mama mmoja huko Kanduyi, natengeneza mashine yake ya kusaga, simu imezima chaji. Kwetu mtu akifa analala nyumbani kwanza. Watu wanakuja, wanalia, wanabishana penye kaburi itachimbwa, hata mtu wa mbali anafika. Nikajiambia nitafika. Nikasahau nyinyi Waislamu mnaharakisha kuzika. Nimeshuka Kitale nikakimbia mpaka kwenu hapo karibu na msikiti, nikakuta vijana wanaosha majembe. Mmoja akaniambia, "Pole, tumemaliza." Udongo ulikuwa bado kwa viatu vyao.

Nilitaka kukuona. Hata kama mkono... hapana, hiyo sitaandika.

Sasa nikuambie venye wanasema. Wanasema ni wewe ulitumia blada, ule mpira wa ndani wa baiskeli, kufunga ile swichi ya mlango wa miksa ya kuchanganya chakula. Wewe! Yule msimamizi wa kiwanda chenu cha chakula cha ng'ombe alisema hivyo siku ileile, kabla hata hujatolewa vizuri ndani ya hiyo miksa: "Ni yeye fundi, ni yeye alifunga, haraka yake ndio imemmaliza." Watu wakaitikia. Na maneno ya hapa Kitale unayajua, yakifika Kibomet jioni, asubuhi yako Kipsongo, na kila mtu ameongeza chumvi yake. Mama yako alisikia akiwa anauza chapati. Mteja alimwambia huku anahesabu zake.

Mimi nikakumbuka siku ulinionyesha hiyo swichi. Nilikuwa nimejifunza mambo ya mota kwa simu, najiona najua kila kitu, unaniita mwanafunzi wa YouTube. Ukaniambia, "Kuja hapa, wacha kuruka ruka. Ona hii kitu ndogo." Kidude kama kidole. Mlango ukifungwa unakibonyeza, miksa inapata stima. Mlango ukifunguka, kidude kinaachia, miksa inakufa. Basi. Nikakuuliza, hiyo tu? Ukasema, "Hiyo tu ndio iko katikati ya wewe na ile panga inazunguka huko ndani." Halafu ukafungua mlango miksa ikiwa inapiga kelele, na ikanyamaza. Ukacheka. Ukasema mashine haiamini mtu, inaamini mlango. Nikarudia, "inaamini mrango," ukanicheka mpaka ukakaa chini. Mpaka leo nasema mrango, Jumaa. Hakuna mtu wa kunicheka.

Wale wenzako wa kazi walikuwa wanakuita Mzee wa Mlango. Ulikuwa unagombana nao kila wiki wasiiguse hiyo swichi. Na sasa ni wewe ulifunga?

Wanyonyi ndio aliniambia ukweli. Yule wa kubeba magunia, si unamjua, mkubwa hivyo lakini sauti ndogo. Alinifuata mpaka barabarani. Akasema molasi, ule uji mweusi wa miwa, ilikuwa inaingia kwa swichi, inachanganyika na vumbi ya unga wa ng'ombe, kidude kinanata, miksa inazima kila saa, msimamizi anawapigia kelele. Wewe ulikuwa umeenda nyumbani. Wakachukua kipande ya blada ya baiskeli, wakakibonyeza kidude, wakakizungushia, wakafunga. Hakuna mtu alikuambia. Asubuhi stima ikapotea mji mzima. Ukasema hii ndio nafasi nzuri ya kukwangua molasi. Ukafungua mlango.

Hiyo ndio inanimaliza, bana. Ulifungua mlango na kulikuwa kimya, lakini hiyo kimya haikuwa ya swichi. Ilikuwa ya stima. Ungejuaje? Swichi ya ukutani mliiachanga imewashwa, wote, miaka yote, kwa sababu si mlango uko. Ukaingiza mkono na bega. Stima ikarudi.

Nikamuuliza Wanyonyi, utasema hivyo mbele ya watu? Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Niko na watoto, boss."

Halafu wakaniita mimi, ati nije niangalie mota. Nilienda. Nilitaka kuona. Blada ilikuwa bado hapo, Jumaa, hata hawakuitoa. Nikaikata na wembe. Nikafungua swichi, nikaiosha, nikaipanguza mpaka kidude kikaanza kuruka kama kipya. Nikafungua mlango miksa ikizunguka, ikanyamaza. Nililia hapo, wakadhani ni vumbi.

Nikaenda kwa Mama yako nikamwambia yote. Alikuwa anakanda unga. Hakusimama. Akasema, "Mimi nilimzaa, najua hakufunga. Lakini mimi kujua haisaidii. Nenda ukaseme kwao." Kwa hivyo nilienda. Asubuhi, wote wako ndani, miksa inanguruma, msimamizi amesimama na chai yake. Nikasema kwa sauti, Jumaa hakufunga hii swichi, na mliofunga mnajijua. Nikasema, hata sasa nawaonyesha venye alikuwa anaipima. Nikashika mlango nikaufungua.

Haikuzima.

Jumaa, haikuzima. Mlango uko wazi, panga inazunguka mbele ya uso wangu, unga unanipiga machoni. Nikainama nikaangalia. Blada mpya. Nyekundu. Hata wiki haikuwa imeisha. Nilidhani sasa wataona. Wanyonyi alikuwa hapo, wote walikuwa hapo, wamekubeba wewe na mikono yao. Msimamizi akasema tu, "Funga huo mlango, unamwaga unga." Na mtu akacheka kidogo. Halafu wakarudi kwa kazi. Mimi nikaambiwa nisionekane hapo tena.

Nilirudi kwa Mama. Akaniuliza, "Umesema?" Nikasema nimesema. "Wamejibu nini?" Nikaanza kupanguza unga kwa viatu vyangu. Akasema, "Basi," akarudi kwa unga wake. Sijawahi kusikia neno nzito hivyo.

Sasa niko Bungoma. Nazunguka posho mill na posho mill, nikiona mashine iko na mlango nauliza kwanza kama naweza kuufungua ikiwa inazunguka. Wananiona kama mwenda wazimu. Nyingi hazizimi. Kuna moja wamefunga na lesi ya kiatu, nyingine wamebandika chingamu. Nakata, nasafisha, naenda. Najua nikitoka wanarudisha. Nilikuwa na moto sana, unanijua, nilikuwa nataka kubadilisha kila kitu. Hiyo moto sijui iko wapi siku hizi.

Lakini nakuahidi hili. Mahali popote watasema hiyo swichi ulifunga wewe mwenyewe, hata kama ni kwa kinyozi, hata kama ni mtu mmoja tu, nitasema hapana, na nitasema ni nani. Na kimya ya mashine sitaiamini tena. Nitazima ukutani, nitatoa fyuzi nitie mfukoni, ndio niingize mkono.

Lala, Mzee wa Mlango. Mungu akupokee penye nilichelewa.

Mimi wako wa mrango,
Simiyu