Pakavu Mara Sita

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuruhusu kutoka hadi barazani kuisomea barua hii kwenye mwanga. Mimi ni mzima, ila usingizi bado haujanizoea huku. Nakuandikia kwa sababu tangu masikio yako yagome, simu imetushinda: mimi nakuambia nimepata chumba, wewe unanipa pole ya msiba.

Kazi nimeanza. Ni ukarani katika ofisi ya makazi yenye nyumba sitini na nne, zote za chini, zote na paa la kijivu. Ofisi ina meza mbili, kabati la chuma na ubao wenye funguo. Mhandisi, mzee mkimya anayekuja mara moja kwa mwezi, alinieleza siku ya kwanza tumekaa juu ya nini. Chini yetu kuna jiwe liitwalo dolomiti. Ukilitazama ni gumu, lakini maji yamelila kwa miaka isiyohesabika hadi limebaki na matundu kama jino bovu. Juu ya matundu kuna udongo, na juu ya udongo kuna sisi. Udongo ukiwa mkavu unajishikilia. Maji yakivuja mahali pamoja kwa wiki kadhaa, yanausukuma kidogo kidogo ndani ya matundu, na juu hakuna anayeona kitu mpaka siku ardhi inapozama. Nikamuuliza kwa nini basi watu walijenga hapa. Akasema mtu anaweza kuishi hapa hadi uzee wake, mradi awe na adabu na maji.

Adabu hiyo ndiyo kazi yangu. Kila Jumanne nazunguka nyumba zote na daftari. Natazama mifereji ya paa, mabomba, na uwanja wa nyuma. Penye ufa ukutani pamebandikwa kipimo, vibao viwili vya plastiki vyenye mistari, nasoma ufa umetanuka kiasi gani. Kwa kila nyumba kuna visanduku viwili tu: "Pakavu" na "Maji". Ukiweka alama kwenye "Maji", notisi inatoka siku hiyo hiyo, maji ya nyumba ile yanafungwa, na mkaaji anaitwa mbele ya kamati.

Baba, naogopa. Natembea kwa ncha za vidole kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Mlinzi wa getini ameshaniita Paka.

Mwanao,
Kitinda

13 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Goti lipo, linalalamika, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisikiliza linanimaliza mimi.

Kuhusu kutembea kwa ncha za vidole: wewe una kilo arobaini na tisa, pamoja na viatu. Ardhi haina habari nawe. Tembea kama watu.

Nilifanya kazi ya bomba miaka thelathini na moja, kwa hiyo nikwambie mawili matatu ambayo mhandisi huenda hakukwambia. Usitazame bomba peke yake, bomba hujificha. Tazama majani. Kiangazi kikikaza na ukaona uwanja mmoja una kijani kuliko wa jirani, kuna mtu anaunywesha, kwa kujua au kwa kutojua. Inama uguse udongo kwa mkono. Na uingie mpaka nyuma ya nyumba hata wakikukaribisha chai mbele. Hasa wakikukaribisha chai mbele.

Umeniandikia habari za jiwe ukurasa mzima, za watu hukuandika hata mstari. Nani wanaishi humo? Nani anakusalimu? Unakula nini?

Baba yako

20 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya hiki. Afya yangu si mbaya. Mvua hatujaiona tangu nifike.

Umeuliza habari za watu. Ninayemzoea zaidi ni bibi mmoja wa nyumba ya 41, mwalimu mstaafu, mpangaji, anaishi peke yake. Wote tunamwita Mwalimu. Notisi nikizibandika ubaoni yeye huja na kalamu nyekundu, akazisahihisha palepale mbele ya watu. Jirani yake wa 42 ni Mama Mapacha. Mapacha wana miaka sita, na kila mchana wanakwenda kwa Mwalimu kujifunza kusoma. Jumanne ananiwekea chai.

Sasa nina jambo la kukuuliza, si langu. Ni la rafiki yangu, karani wa makazi mengine kama haya. Alikuta nyuma ya nyumba moja mkaaji amechomoa bomba la maji machafu ya jikoni na kuligeuzia kwenye tuta la mboga, chini ya ukuta. Mkaaji akamsihi. Alikuwa na notisi mbili tangu enzi za karani aliyetangulia, na ya tatu ni kuhama. Ni mtu mzima, hana pa kwenda. Akaahidi kulirudisha bomba siku hiyo hiyo. Rafiki yangu akatazama vile visanduku viwili. Akaweka alama kwenye "Pakavu", kwa sababu kesho pangekuwa pakavu.

Wiki ya pili bomba lilikuwa limerudishwa, lakini udongo ulikuwa bado na unyevu. Akaambiwa unakauka. Akaandika "Pakavu". Wiki ya tatu hakwenda nyuma tena, alisalimia akiwa mlangoni. Sasa zimetimia wiki sita. Na kwenye ukuta wa jirani, chumba wanacholala mapacha, ufa uliokaa milimita mbili mwaka mzima umefika tano.

Mhandisi wao alikuja kwa ajili ya ufa huo. Alikaa na daftari saa nzima, akifuata kwa kidole nyumba moja baada ya nyingine. Kisha akasema nyumba zote za upande huo ni kavu, kwa hiyo maji yatakuwa yanatoka upande wa pili, kwenye bomba kuu karibu na geti. Ameagiza mashine ya kuchoronga ije itoboe huko, ijulikane chini kuna nini. Mashine itafika tarehe 9 Mei. Alipofunga daftari alimwambia rafiki yangu, "Hapa nakiamini kitu kimoja tu, nacho ni mwandiko wako."

Rafiki yangu hali chakula kikashuka. Akisema, mkaaji anafukuzwa, na yeye anafukuzwa. Asiposema, labda udongo utakauka wenyewe na asiwe ameumiza mtu. Wewe ungemshauri nini?

Mwanao,
Kitinda

27 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Mimi sijambo.

Jina la rafiki yako sikuulizi. Nimeona tu kwamba jirani wa huko ana mapacha, na jirani wa kwenu naye ana mapacha. Dunia imejaa mapacha siku hizi.

Nikusimulie jambo ambalo hata marehemu mama yako sikumwambia. Tulikuwa tunamalizia zahanati. Jioni, nimechoka, nikaunganisha bomba moja ukutani, fundi vigae akalifunika kabla sijalipima. Msimamizi akaniuliza, umepima? Nikasema nimepima. Neno lenyewe dogo. Nikaenda nyumbani nikala, nikalala. Siku ya pili nilikula nusu. Siku ya tatu nikarudi na nyundo, nikavunja vigae mbele ya wote, tukalitazama. Kiungo kilikuwa kizima, hata tone. Msimamizi alinifukuza, tena kwa kuvunja vigae, si kwa uongo. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Sijawahi kulala usingizi mzuri kama wa siku ile.

Mwambie rafiki yako hivi. Mhandisi hana macho ya kupenya ardhini. Macho yake ni lile daftari. Aliyempa daftari amemfunga kitambaa usoni, akamsindikiza upande usio wenyewe, na sasa anaona aibu kumfungua.

Habari ya bibi kufukuzwa inauma, siidharau. Lakini kuna watoto wanalala hapo. Aende sasa. Asingoje barua yangu nyingine, barua inachukua wiki nzima njiani.

Baba yako

12 Mei

Kitinda wangu,

Natumaini uko mzima. Nimeliandika neno hilo na leo ndiyo mara ya kwanza nimelitazama vizuri.

Tarehe 9 imepita. Nimekwenda posta mara mbili kwa goti hili, yule dada wa dirishani sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Jana nilimwomba jirani apige simu ofisini kwenu. Aliniambia inaita tu, haipokelewi.

Rafiki yako nimeacha kumfikiria. Niandikie wewe. Hata mstari mmoja, hata kama ni mbaya.

Baba

18 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na hakuna mtu aliyeumia. Nimeanza na hilo ili usiisome barua hii kwa haraka.

Rafiki hayupo, unajua. Barua yako ilichelewa njiani, ikanifika tarehe 9 yenyewe, asubuhi, na mashine ilikuwa imeshawekwa tayari karibu na geti. Niliisoma nimesimama stoo, kati ya ndoo na mafagio. Ningependa kukuambia nilitoka mbio. Nilikunja barua, nikapanga funguo za ubaoni kwa namba, na zilikuwa zimeshapangwa.

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu, sikutaka alisikie kwa wengine. Nilimwambia nakwenda kusema. Nikamwomba nione nyuma. Bomba alikuwa amelirudisha kweli, lakini kiungo amekifunga kwa kitambaa, na muda wote huo lilikuwa linadondosha maji, tone, tone, chini ya tuta. Niliinama nikagusa udongo. Kidole kilizama chote. Mwalimu alirudi mezani akaendelea kusahihisha daftari la mmoja wa mapacha. Akasema tu, "Nenda, basi."

Mashine ilikuwa inaunguruma, ikanibidi nimshike mhandisi mkono. Aliamuru izimwe. Kimya kilipoingia kila mtu alikuwa ananitazama, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nyumba ya 41 haijawahi kuwa kavu. Niliandika uongo."

"Wiki ngapi?"

"Sita mpaka ulipokuja. Na tatu tangu uondoke."

Hakunigombeza. Alifunga jicho moja kama mtu anayepiga hesabu, kisha akatembea kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake hadi kwa Mama Mapacha, akamwambia atoe watoto sasa hivi, asitafute viatu. Nyumba tatu zikahamwa kabla ya saa sita. Mashine wakaivuta polepole kwa kamba ndefu hadi kando ya ukuta ule wenye ufa, wakaitandikia magogo chini.

Mita ya kwanza, udongo. Ya pili, udongo. Ilipopita ya tatu, chuma cha kutobolea kikaanguka chenyewe, Baba. Fundi wa mashine alirudi nyuma akainua mikono juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Walipopima, ulikuwa ni utupu wa mita moja na nusu. Mhandisi alichora ramani. Ukingo wake unapita chini ya kitanda cha mapacha.

Mama Mapacha alinikumbatia mbele ya watu, analia. Kisha mtu akamweleza habari ya daftari yote, tangu mwanzo. Akaniachia. Aliondoa mikono, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hunipita kama upepo.

Siku nne walikuwa wanamimina saruji nyepesi kama uji ndani ya lile shimo, malori na malori. Ndiyo maana simu hamkuipata, ofisi ilihamishiwa chini ya turubai nje ya geti. Jana kamati ilikaa. Walinitaka nifungue daftari mbele yao, nikate kila "Pakavu" ya 41, niandike "Maji", niweke sahihi pembeni. Zilikuwa tisa, lakini mhandisi zile sita za mwanzo alinitaka nizisome kwa sauti, na tarehe zake, kwa sababu ndizo zilizompoteza. Mwandiko uliharibika. Kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi. Mhandisi amesema akiulizwa juu yangu ataandika kwamba nilisema, na kwamba nilichelewa kusema. Nikamjibu ni kweli yote mawili.

Mwalimu amehama leo. Amepata chumba kwa mpwa wake, mbali, ghorofani. Hakuna jirani aliyetoka kumsaidia, kwa hiyo nilikwenda. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Tulitoa meza, tukatoa masanduku mawili ya vitabu. Tulipofika kwenye godoro, yeye upande huu na mimi upande ule, tukasimama katikati ya njia apumzike. Akasema,

"Ungeniandika siku ile ya kwanza, ningekuchukia, ningehama, yakaisha. Sasa sijui hata nikuchukieje."

Nilisema, "Mwalimu, tuinue?" Akainama akashika upande wake, nami nikashika wangu, tukaenda hadi kwenye gari.

Nitakuja tarehe mbili. Usiende posta tena.

Mwanao,
Kitinda