Mchumba wa Kusemewa

Overport, Durban

Mdogo wangu mpenzi Skola,

Tumsifu Yesu Kristo. Unaendeleaje na masomo? Na mama, mgongo wake siku hizi unamruhusu kulala? Mimi niko salama, ila miguu inavimba jioni kwa kusimama saluni, na vichwa vya watu wa Durban haviishi. Barua hii nimempa mama Rehema, jirani yangu anayekuja Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake, na nimemwambia akupe wewe mkononi. Simu nimeiacha makusudi. Nikikupigia, baba atasema weka sauti kubwa tusikie wote, na haya si ya kusikiwa na wote.

Ni habari za huyo mchumba wako, Jeremi. Kama unavyojua, baba alinituma nimwone kwa macho yangu kabla hajatoa jibu la posa, maana tangu atoke Amerika anakaa hapa Durban kwa kaka yake Severini, mwenye duka. Nimemwona.

Kwanza nikueleze hiyo kazi ambayo baba anaitangaza kila anapokaa. Nasikia anasema mkwe wake alikuwa beki wa timu kubwa Amerika, na wazee wenzake wanatikisa vichwa, wakidhani ni beki wa mpira tunaoujua. Severini alinionyesha video kwenye simu yake nikiwa namsuka mteja. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama papai changa. Unaitwa mpira wa miguu, lakini wanaukumbatia kifuani kama mtu aliyeiba kuku. Wanaume wazima wamevaa makofia magumu na mito mabegani, wanainama, wanagongana, filimbi inalia, wanasimama kufanya mkutano. Halafu wanainama tena. Kazi ya Jeremi ilikuwa kumrukia mwenye mpira na kumwangusha chini, basi. Huo ndio ujuzi aliopelekewa chuo kikuu. Beberu wa bibi alikuwa anaifanya kazi hiyo bure, tena bila kofia.

Mteja wangu, mama wa Kizulu ambaye wanawe wanacheza raga shuleni, alichungulia ile video akacheka mpaka nikashindwa kumsuka. Akasema wanawe wanagongana hivyo hivyo kila Jumamosi, kichwa wazi, na hakuna anayewaita mashujaa.

Na usidhani alidumu huko. Timu ya kwanza ilimweka benchi mpaka ikamsahau. Ya pili ilimchukua kuziba pengo la mtu aliyeumia, yule mtu akapona, naye akaambiwa afungashe. Ya tatu ilimtumia, ikamtumia, goti likachanika, kichwa kikagongwa kila wiki, halafu wakamtupa kama kiatu kilichoisha soli. Hiyo timu anayoitaja baba haimkumbuki hata kwa jina. Namheshimu mzee wetu, lakini ile televisheni aliyoletewa na Severini imemziba macho, na hilo nitalisema hata mbele yake.

Walikuja kwangu Jumapili baada ya misa. Nilipika ugali na migebuka mikavu niliyoinunua kwa Wakongo mjini, nikaiunga kwa mawese. Jeremi ni jitu, Skola. Mlangoni aliingia kwa ubavu. Sura sikatai, ni nzuri, na suti ilimkaa. Aliniamkia, "Shikamoo, dada," akakaa, na baada ya hapo akawa bubu.

Nilimuuliza safari ilikuwaje, Severini akajibu. Nilimuuliza anakumbuka nini cha kambi ya wakimbizi kule kwetu, ambako alizaliwa kabla familia yao haijapelekwa Amerika. Severini akajibu tena, huku Jeremi akiangalia sahani.

"Dada, huyu iko mutu wa heshima," Severini akaniambia. "Hasemake mingi mbele ya bakubwa."

Nikakumbuka jinsi baba alivyomsifu baada ya kumwona kwenye simu ya video: kijana ana adabu, anamwachia mshenga amsemee. Ni kweli desturi yetu ndiyo hiyo, mchumba anayejisemea mwenyewe anaonekana hana watu. Lakini mimi nilidhani ni maringo tu. Nilijiambia, huyu bwana ameangusha watu Amerika mpaka anaona kumjibu msusi ni kujishusha.

Severini yeye maswali yake yote yalikuwa juu yako. Unamaliza lini uuguzi? Umeshapita wodi gani? Unaweza kukesha na mgonjwa? Una hasira za haraka? Mimi nikavimba kichwa kwa sifa, nikamwambia darasani hakuna wa kukufikia na kwamba wewe hata ukitukanwa unacheka.

Mara mlinzi wa jengo akabisha hodi, kumbe gari la Severini limeziba geti. Akashuka kulitoa. Hapo ndipo Jeremi akaanza kuongea.

Alinisimulia siku mpira ulipomponyoka mpinzani ukamwangukia yeye mikononi, akakimbia nao, uwanja mzima umesimama, wakamkamata karibu kabisa na mstari. Alisimulia vizuri, kwa Kiswahili cha kambini kilichoingia kutu. Nikamwongezea mboga. Akala kidogo, akainua uso, akanisimulia siku mpira ulipomponyoka mpinzani. Maneno yale yale, na mkono akaunyanyua pale pale. Nikasema moyoni, kweli huyu amejipenda. Alipoianza mara ya tatu uzalendo ukanishinda.

"Shemeji mtarajiwa," nikamwambia, "huo mpira uliudaka mara ngapi? Maana hapa mezani kwangu umeshaudaka mara mbili."

Hakucheka. Alirudisha tonge kwenye sahani.

"Nimeshakuambia?"

"Sasa hivi tu."

"Sorry, dada." Akawa anapangusa vidole kimoja kimoja. "Kichwa changu hakishiki. Daktari wa kule alisema ni ile kugongwa, na haitapona, itazidi. Kaka ananikataza kuongea na watu. Anasema wataogopa."

"Baba yangu anajua?"

"Kaka alisema tutamwambia baadaye, tukishaoana. Mimi nilimwambia sitaki kuoa. Lakini kaka amechoka kunichunga, ana duka, ana watoto. Akasema tutafute msichana wa nyumbani anayesomea unesi. Akasema hao wamezoea wagonjwa, hawakimbii." Halafu akaniangalia kama mtu anayeuliza njia. "Yeye mwenyewe ameambiwa?"

Hapo hapo Severini akaingia, akatukuta tunatazamana. Akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi, akaelewa.

"Dada, ni mambo ya famille tu," akasema. "Tunasaidiana."

Nikamwambia chai imekwisha. Birika lilikuwa mezani linatoa mvuke, naye akalitazama, kisha akachukua funguo zake.

Skola, ningekuwa bado namdharau Jeremi barua hii ingekuwa nyepesi. Ni mtu mwema. Wa pekee kati yao aliyeuliza kama wewe umeambiwa ni yeye, ambaye kesho hatakumbuka kwamba aliuliza. Waliomgonganisha mpaka akaisha wako kwao wamekaa vizuri, wanachagua wengine. Dharau yangu haijapotea, imehamia tu kwa Severini. Kumtunza ndugu mgonjwa ni jambo la heshima. Angekuja kwangu akasema, dada, mdogo wangu anaumwa, nimeelemewa, ningempikia kila Jumapili na nisingehesabu. Yeye akamvisha suti, akamfunga mdomo, akampelekea baba televisheni, kisha akaliita jambo hilo posa. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa aliyetembezwa si mbaya, mbaya ni anayemtembeza.

Hawakuwa wanatafuta mke. Walikuwa wanatafuta nesi asiyeenda likizo.

Mimi nasema kataa. Kama moyo wako utamwonea huruma, na ninakujua, utamwonea, basi iwe huruma ya mtu aliyejua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Lakini narudia, kataa, umalize chuo. Nilipowasindikiza garini, Jeremi akifungwa mkanda, aliniomba nisimwambie mtu. Nilimwitikia, na hapa nimevunja ahadi hiyo wala sioni haya.

Nisalimie mama, na umkande mgongo kwa niaba yangu. Msalimie shangazi Eustakia aliyetulea wakati mama yuko hospitali, na kaka Filberti fundi baiskeli, mwambie aache kunitumia picha za spea. Bibi mzaa baba mbusu mikono yote miwili.

Baba mpe shikamoo yangu, kisha umpe jibu. Atawaka, maana ameshawaambia watu wote. Usibishane naye. Mwambie aliyekataa ni mimi, binti yake mkubwa mwenye mdomo, na kwamba wewe hata hukuulizwa. Hasira zake azilete huku Durban kwangu, ninazimudu. Wewe bado unalala nyumbani kwake.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Editha