Sura Atakayoiona Kwanza

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko la mitumba.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Miwani,

Salamu nyingi kuliko viroboto wa paka wetu. Hujambo huko? Kile kikohozi kimeisha? Unakula, au unawaangalia tu panya wako wakila? Sisi huku tunasukuma siku. Mimi bado nauza viatu pale pale, na bado naapa kila jozi ilivaliwa mara moja tu, tena harusini.

Nakuandikia maana simu ikilia tu, Mama kaikamata, na haya sitaki ayasikie.

Umeniambia huko maabara mnampa panya mmoja karanga, mwenzake punje kavu ya mahindi, na huyu wa mahindi anasusa, anageukia ukuta. Miwani, huyo panya ni mimi! Mpe karanga, mwambie kaka yake anamsalimu.

Nakuonea wivu mpaka meno yananiuma. Eti fimbo ya mbali haiui nyoka! Yako inaua nyoka na mjusi juu. Mimi ndiye nampikia Mama, namkata kucha, namsikiliza akikoroma. Lakini mgeni akiingia, hata kukaa hajakaa, anaonyeshwa picha yako ya koti jeupe ukutani. "Huyo ndiye mwanangu. Anajua mpaka mawazo ya panya." Na mimi nimesimama hapo hapo na sinia la chai, kama nimeazimwa kwa jirani.

Sasa sikia kituko. Juzi roho ya kwa nini ikanipanda. Nikaishusha picha yako, nikatundika yangu, ile nimevaa kofia nyekundu na kukumbatia mabuti. Nikasubiri matusi. Mama akapita, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo, akaiambia, "Umeamkaje, msomi wangu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikakauka. Kofia ile, mabuti yale, Mama hakuona hata kimoja. Kumbe humu ndani anatembea kwa mazoea tu.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshafunga. Dawa yake kupasuliwa, na siku hiyo hiyo mtu anarudi nyumbani. Ila tusikawie, daktari amesema, ugonjwa ukikomaa sana kazi inakuwa ngumu.

Mama hataki. Fundi cherehani wa jirani amemjaza hofu kwamba jicho linatolewa, linawekwa kwenye sahani, linaoshwa kama kitunguu. Nikamwambia si kweli. Akanijibu, "Macho wewe umeyasomea wapi? Si unauza raba? Nasubiri Miwani aseme." Nikamwambia, Mama, Miwani anasomea panya! Akaniuliza, "Kwani panya hana macho?"

Nikatoka kutafuta kalamu.

Basi mpigie, mdogo wangu. Jumatano mchana nitakuwepo, nitamshikia simu. Mwambie jicho halitoki mahali pake. Ni maneno yale yale niliyomwambia mimi, lakini yakitoka kwangu ni porojo, yakitoka kwako ni sayansi. Limenikaba hilo, ila nimelimeza. Nadhani binadamu tumeumbwa hivyo, hatupimi neno, tunapima mdomo uliolitoa. Wachunguze na panya, labda nao ndivyo walivyo.

Na mkimpasua yule wa mahindi, mwangalie wivu unakaa wapi. Wengine wanasema moyoni, wengine kwenye nyongo. Ukiuona niambie, na mimi nikatolewe wangu.

Shangazi anakusalimu, anauliza shemeji atajifungua lini. Mjomba Kipara naye anakusalimu, bado anasema nywele zinarudi. Mbusu mtoto wenu wa kwanza. Mungu akufunike kwa shuka refu, miguu isibaki nje.

Picha yako nimeirudisha, usinune. Lakini siku wanamfungua Mama bandeji, atakayekuwa amekaa mbele yake ni mimi, nimenyoa, nimevaa shati la pasi. Sura ya kwanza atakayoiona ni hii yangu mbaya. Karanga hiyo, Miwani, sigawi.

Wako akupendaye huku amekununia,
Kaka yako,
Mzee wa Raba