Kocha Amepatikana

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Natanguliza kuitikia kabisa, maana najua kuniamkia ungesahau. U hali gani huko karakana? Mikono imeshazoea grisi? Sisi hapa ni wazima. Mama mgongo umemwachia, ameanza tena kugombana na majirani, ndipo tukajua amepona. Wanangu wanakusalimu, hasa yule kitinda mimba anayekuulizia kila akiona mpira.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kicheko. Umeapa hurudi nyumbani, hata likizo, mpaka timu yenu ya wanaume ipate kocha anayejua kazi, kwa kuwa umechoka kushika mkia wa ligi na kuzomewa sokoni. Halafu chini kabisa, kama mtu asiye na haja, ukauliza siri ya ubingwa wetu sisi wanawake ni nini. Haya, kaa kitako. La kwako nitalijibu, ila nianze na letu.

Pale kiwanda cha mikate zamu yetu ya alfajiri huisha jua likiwa bado changa, na saa hizo uwanja ulikuwa mtupu, nyinyi wanaume mko kazini. Jioni tusingeupata hata kwa dawa. Wewe mwenyewe ulitufukuza siku moja ukidai viatu vyetu vya unga vitaharibu nyasi, nyasi gani sijui! Basi tukacheza asubuhi, unga kichwani, tukicheka kama vichaa. Mechi ya kwanza tulifungwa magoli tisa. Kipa wetu, Mama Pacha, alilaumu jua, akamlaumu refa, mwisho akasema goli letu lilikuwa pana kuliko la wenzetu na akataka lipimwe.

Kilichotubadilisha ni jambo dogo tu. Siku moja mpira ulitoka nje, nami nikaurusha kwa nguvu zilezile ninazotupia gunia la unga juu ya meza ya kukandia. Ukaruka hadi mlangoni mwa goli. Pale alikuwepo yule binti anayepakia mikate, tunayemwita Hamira kwa sababu akipanda hewani hashuki upesi, akaupiga kichwa. Wavuni! Refa mwenyewe aliduwaa, karibu asahau kupuliza filimbi.

Tangu hapo tukaacha kuiga chenga za watu. Mikono tunayo, tumeilea kwa magunia, tukawa tunafurahia mpira ukitoka nje kuliko wengine wanavyofurahia penalti. Timu zilizokuja zikituita wapika mikate ziliondoka zimeokwa. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kombe la ligi tumelichukua miaka minne mfululizo. Mwaka huu wenyeji wa fainali walisogeza mabango ya matangazo mpaka karibu na mstari ili tukose pa kukimbilia kabla ya kurusha. Tukarusha tumesimama, tukashinda vilevile. Mama, aliyekuwa akisema mpira wa wanawake ni wazimu, alipanda juu ya kiti cha mgeni rasmi akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nililia pale uwanjani, na sioni haya kukwambia.

Kama ni siri, basi ndiyo hiyo. Kila mmoja tulimtazama anachokiweza tayari, tukampa hicho.

Sasa la kwako. Kocha amepatikana. Wazee wa timu yenu walikuja nyumbani wamevaa kama wanaokuja kuposa, wakakaa ukingoni mwa viti, wakazungumzia mvua mpaka Mama akawauliza wanamtaka binti yupi, maana waliobaki humu ndani wote wameshaolewa. Ndipo wakasema. Kocha wenu mpya ni mimi, mdogo wangu. Daruga nimetundika, kazi nimeikubali, na mazoezi yameanza, alfajiri, kiwandani nimehamia zamu ya mchana, na walalamishi wameshanyamaza. Kukuandikia haya nimeogopa kuliko nilivyoogopa fainali yoyote. Timu nyingine nitapata, lakini mdogo wa tumbo moja ninaye mmoja tu, na sitaki mpira utuachanishe.

Na maadamu nimeshaanza, nimalize. Wewe si mshambuliaji. Miaka yote hiyo umevaa namba tisa, na nyavu ulizozifumania ni zenu wenyewe. Usikasirike, nisikilize. Utotoni Mama alipokuwa akikuweka mlangoni unizuie nisiende mpirani, sikukupita hata siku moja. Nilikwenda kushoto, upo. Nilikwenda kulia, upo. Ilibidi nijifunze kupitia dirishani. Nimecheza na mabeki wengi, wa kwetu na wa maadui, na hakuna hata mmoja aliyenisumbua kama wewe. Ulizaliwa beki wa kushoto, na hakuna aliyewahi kukwambia.

Mama anakusalimu sana, anasema usipojibu atakufuata huko karakana yeye mwenyewe. Shemeji yako naye anakusalimu.

Jezi namba tatu haina mtu. Ukiitaka, njoo. Ukiona aibu kufundishwa na dada yako, njoo vilevile, kitanda chako kipo, utakula nasi na jioni utanizomea ukiwa jukwaani. Ila namba tisa usiniombe, nimeshampa mtu.

Ni mimi dada yako, na kocha wako ukiridhia.